Kidole cha Mama na Neno la Daktari

Jumanne, 14 Machi 1972

Asubuhi jua kali, mchana mvua kutoka ziwani. Sijala. Nina hasira tangu saa nne, ndiyo maana ninaandika.

Jumatano iliyopita mama alichomwa na mwiba wa ngege akipasua samaki sokoni. Kidole cha shahada, mkono wa kulia. Kikavimba. Jumamosi nikampeleka hospitali.

Daktari ni Mzungu, hajui Kijaluo. Mama hajui Kiingereza. Aliyetafsiri ni Omondi, dresa wa kufunga vidonda, mdogo wa mume wa dada yangu. Kwa hiyo kwa mama ni mkwe. Mimi nilibaki kwenye benchi nje ya pazia, nikisikia kila kitu.

Daktari aliuliza kuhusu maumivu, akatumia neno "throb". Omondi, macho ukutani kama inavyompasa mkwe, akamuuliza mama kwa Kijaluo, "Mama, kinauma?"

"Kidogo tu, baba."

Akapewa vidonge, akarudishwa nyumbani.

Kidogo tu! Asubuhi ile ile aliniambia kuna kitu kinatwanga ndani ya kidole, kinafuata moyo wake pigo kwa pigo.

Leo nimefungua kamusi niliyopewa zawadi shuleni. "Throb": kupwita, kupiga kwa nguvu kama mshipa wa damu. Asili yake watunzi wa kamusi hawana uhakika nayo. Ni neno la karne nyingi, na wanadhani watu wa kale waliiga tu pigo lenyewe. Yaani hata Waingereza hawakulisoma popote. Walilisikia mwilini. Mama alikuwa nalo zima, bila kukanyaga darasa.

Leo nimemrudisha hospitali, ncha ya kidole imekuwa nyeusi. Daktari amefoka: angejua, angepasua Jumamosi usaha utoke.

Nilimshika Omondi koridoni. "Kwa nini hukuuliza vizuri?"

"Bwana, nimchimbe mama mkwe habari za mwili wake? Akisema kidogo, mimi ni nani?"

"Ungemwita dresa mwingine!"

"Na wewe? Ulikuwa benchi. Kidato cha nne kizima, mdomo umefungwa."

Nikarudi kwa mama.

Neno nililijua hata kabla ya kufungua kamusi. Niliona haya kumsahihisha mtu wa ukweni mbele ya mgeni. Mama aliona haya, Omondi akaona haya, nami nikaona haya, na kidole kikaoza katikati ya heshima zetu.

Kesho saa mbili daktari ataamua kama kikatwe. Bila kidole hicho mama hawezi kushika kisu, na kisu ndicho kilichonisomesha. Nitaingia ndani ya pazia. Omondi akinuna, anune. Nitamuuliza mama mwenyewe, na atakachosema nitakifikisha chote.

Jioni hii nimemuuliza kama bado kinatwanga.

"Kimenyamaza," akasema, akatabasamu.

Mimi sikuweza kutabasamu: kidole cheusi kikinyamaza, huenda kimekufa. Hilo ndilo nitakaloanza nalo kesho.