Raissa na Maneno Yake Mafupi

Jumapili, 7/6/2009
Leo kirimba yetu ya hapa Gitega, ya wamama kuchanga na kukopeshana franga, ilikaa kwa Theodosia, mkubwa wetu. Sisi hatuandikishi mtu. Mwenye kukopa anasimama, anasema na kinywa yake, alafu anatoka inje tunamjadili. Kwanza Jeska, ule alirudi mwaka jana toka kambi ya wakimbizi Tanzania. Akasema: Samahani mama zangu, naombeni mnisaidie, Mungu akijalia nitarudisha. Mi nikabana pua. Alipotoka nikawaambia, mtu akitaja Mungu mbele ya bei, basi Mungu ndiye atalipa. Theodosia alimwaga chai juu ya kucheka. Tukamkatalia. Akasema asanteni, akaenda.

Kisha Raissa, jirani yangu. Nakopa laki mbili. Nachukua mchele Kobero mpakani, nauza Muyinga, kisha wiki mbili narudisha. Akanyamaza! Nikasema huyu ndiye. Nikamwekea garanti — asipolipa, wachukue mashini yangu ya kushona. Wakampa.

Jumapili, 21/6/2009
Raissa hakuja. Simu yake imefungwa. Theodosia kauliza, Kulthumu, mashini iko mzima? Nikamjibu iko mzima kuliko mimi. Wamama wamecheka. Mi nimecheka kidogo.

Jumatano, 24/6/2009
Muyinga. Nimekuja kutafuta Raissa. Nimefika kwa shangazi ya Raissa — eti iko Kobero, eti atarudi. Kurudi lini, hajui.

Sokoni nani namkuta? Jeska! Sasa anauza samaki ndagala huku. Shemeji yake ndiye alimkopesha, na deni ashamaliza. Kanikalisha, kanipa chai. Pole na safari mama, samahani, kiti kibovu. Huyu anaomba samahani hata juu ya kiti. Ndio walivyolelewa kule Tanzania. Na mi nilisema ni ujanja.

Nikamuuliza Raissa. Akasita. Alafu akasema: Siku ile nilipotoka Raissa alinicheka pale inje, mama. Aliniambia, we hukai sokoni, pale mama Kulthumu anashona? Kila siku anafundisha watu: usitaje Mungu, usitaje watoto, taja bei na siku, utapewa.

Nikaweka chai chini.

Ni kweli. Kila mtu alikuja kupimisha nguo, nilimpa hiyo maneno. Bure.

Jumapili, 28/6/2009
Nimechoka mbele siku haijaanza. Leo wamama wanakuja kwangu, wachukue franga ao mashini. Franga hakuna. Bila mashini nitakula nini na watoto yangu? Tangu usiku natafuta namna ya kuomba wiki mbili. Nikisema fupi, watasema huyu Raissa wa pili. Nikisema ndefu, watabana pua. Nani aliwafundisha? Mi.

Nimeifuta vumbi mashini. Nimeitia na mafuta. Sijui juu ya nini.

Wamefika kwenye mlango, nasikia Theodosia anakohoa. Na simu inalia — Raissa! Nikasema na roho, we dada, taja franga tu. Taja siku. Nakuomba.

Naandika simu iko kwenye sikio. Anauliza watoto yangu, mmoja mmoja kwa jina, franga hajataja. Amefika kwa wa tatu.