Kichana na Karatasi ya Diwali

Mjukuu wangu Nafula,

Natumai baridi ya huko haijakuzidi. Hapa Kamukuywa tumevuna mahindi, na shangazi yako amejifungua salama. Unaniuliza kama uhame, kwa vile tangu ukae chumba kimoja na rafiki yako hamsikizani.

Miaka ya themanini mimi na dada yangu Nasimiyu tulikuwa tukishona nguo kwa duka la Wahindi, Kitale. Tulilala chumba kimoja, na tulikuwa tumenuniana. Juu ya cherehani ilibaki karatasi ya kung'aa ya Diwali, sikukuu ya Wahindi, ikining'inia kwa uzi wa nailoni. Siku moja ya kiangazi nilichana nywele, nikapitisha kichana karibu nayo. Ikakikimbilia, ikakigusa, halafu ikaruka mbali. Kila nikiifuata, inakimbia.

"Si ilikutaka yenyewe?" Nasimiyu akauliza. Akaigusa kwa kidole, nayo ikarudi mbio kwa kichana.

Baadaye mwalimu mmoja alinieleza kwamba ikigusa kichana inajaa umeme uleule, ndiyo maana vinasukumana. Kidole kinauondoa. Mimi na Nasimiyu pia tulikuwa tumejaa kitu kilekile, uchovu wa kazi.

Jioni ya siku ile ya kichana Nasimiyu alinimiminia chai, nikanywa.

Kabla hujafunga sanduku lako, mama, chemsha chai ya watu wawili.

Nyanya yako,
Nekesa