Kifua cha Bujiku

Jumapili, 28 Novemba 1976

Kamati ya kijiji imeniteua kutoa hotuba siku ya Uhuru, tutakapofungua chumba cha makumbusho katika stoo ya zamani ya mgodi. Nimekubali kwa sababu moja ambayo sikuitaja kikaoni: Bujiku.

Jirani yangu huyu alitoboa mwamba shimoni miaka kumi na minne, hadi mgodi ulipofungwa. Vumbi limo kifuani mwake. Kwa nje ni mwanamume wa miraba minne. Kwa ndani hawezi kupanda kutoka kisimani bila kuketi mara tatu. Kijiji kinamwita mvivu. Msimu huu kila mtu mzima atalima sehemu yake katika shamba la pamba la kijiji, na asiyelima hapati mahindi ya msaada. Kamati imekataa mara mbili kumsamehe. Nikiweza kuwaonyesha watu kifua chake, huenda mara ya tatu ikamhurumia. Akilima, atakufa. Sioni njia ya kuliandika hili kwa upole zaidi.

Jumanne, 30 Novemba

Nimekwenda kwao. Mkewe, Mama Sikujua, amebandua picha ya eksirei dirishani — ilikuwa inaziba mahali pa kioo. Bujiku alipigwa picha hiyo katika hospitali kubwa ya Mwanza. Mvua imekula pembe moja. Nimeiinua kwenye mwanga: mbavu, na katikati ya mbavu madoa meupe, kama mtama uliomwagika.

Nikauliza ilipo barua ya daktari.

“Ililiwa na mchwa, Mwalimu,” akasema Mama Sikujua. “Nao siku hizi wanasoma.”

Bujiku alicheka, kisha akatugeuzia mgongo ndipo akakohoa. Hakohoi usoni pa mtu. Kwa wanaume wa rika lake, anayehema mbele za watu hutaniwa mpaka kaburini.

Ijumaa, 3 Desemba

Salehe, Afisa Utamaduni, amefika kutoka mjini kupanga vitu. Kofia za chuma. Taa. Toroli. Magongo ya Maulidi, aliyekatwa mguu shimoni, na kadi yake: “Ulemavu kazini.” Nikampa picha ya eksirei.

“Hii nini, Mwalimu?”

“Kifua cha mtu.”

“Watu wataniuliza kama ni cha mbuzi. Nipe mlemavu anayeonekana. Magongo hata mtoto anayaelewa.”

Nilimwambia pia kwamba ngazi za stoo ni ishirini na mbili, na wachimbaji wengi wa zamani hawataziweza. Akazitazama ngazi kwa mshangao wa kweli. “Kina nani hao? Si wote wana miguu?”

Mwishoni alilegea kidogo. Kama mtu mwenyewe atasimama pale na nyundo yake, watu watamtazama. Basi nimlete.

Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Mungu anisamehe furaha ile.

Jumatano, 8 Desemba

Tumepatana. Salehe ataweka jiwe la mwamba chumbani; Bujiku atalipiga mara tatu, pumzi itamwishia, atakaa. Hapo mimi nitawaeleza wananchi wanachokiona.

“Nitakaa, Mwalimu. Nimesikia.”

Alhamisi, 9 Desemba

Naandika ili nisiyageuze kesho yakawa mazuri kuliko yalivyokuwa.

Alipanda ngazi kabla hakujapambazuka, ili asionekane akipumzika. Hilo sikulijua. Sisi tulipofika tulimkuta amesimama wima kando ya jiwe.

Hotuba yangu ilikuwa nzuri. Nasema hivyo bila kujivuna, kwa maana ndiyo iliyomwangusha. Nilitaka watu wapime urefu wa mti kabla hawajauona ukianguka. Kwa hiyo nilimtaja kwa jina la baba yake, kama wanavyotajwa wacheza ngoma mashuhuri. Nikataja miaka yake shimoni, na mashimo aliyoyafungua. Vigelegele vikapanda. Kijana mmoja akapaza sauti kwamba leo mvivu kaamka.

Akapiga. Moja, mbili, tatu. Nikamwinulia mkono. Hakunitazama. Kumi. Ishirini. Nyundo ilikwenda sawasawa kama saa ya ukutani. Jiwe likapasuka vipande viwili.

Alisimama midomo ameifunga, mishipa ya shingo imevimba. Nilielewa: alikuwa anakataa kuhema mbele yetu.

“Ndugu wananchi,” nilianza, “mtu huyu ni mgonjwa —”

“Mgonjwa huyo nileteeni mimi nimuuguze!” alisema bibi mmoja, na chumba kizima kikacheka.

Mwenyekiti wa kamati, Donatus, akamshika mkono. “Kumbe nguvu zipo, namhala, mzee wetu. Umesingiziwa ugonjwa bure. Jumatatu tukuone na jembe.”

Baadaye nilimkuta nyuma ya stoo, amepiga magoti, kipaji cha uso kimeegemea ukuta. Mate yake mchangani yalikuwa na damu. Nilimuuliza kwa nini hakukaa.

“Umemwita baba yangu mbele za watu, Mwalimu. Ningekaaje?”

Jumamosi, 11 Desemba

Kamati imekataa. Nilizungumza karibu saa nzima. Donatus alinisikiliza kwa adabu zote, kisha akauliza: “Si wewe mwenyewe uliyemsifu?”

Mimi ndiye shahidi wao.

Jumatatu, 13 Desemba

Wakulima walijipanga safu alfajiri. Nilikwenda na jembe nikaomba nilime tuta la Bujiku. Donatus akasema kila mtu na tuta lake. Bujiku mwenyewe akaninong’oneza: “Nenda nyumbani, Mwalimu. Wanatutazama.” Nikaenda. Sina la kujitetea.

Sasa niko ofisini shuleni. Salehe amekuja na kadi tupu. Tangu Alhamisi watu wanamuulizia mpasua mwamba, hivyo nyundo imewekwa mbele kabisa, mlangoni. Picha ya eksirei amenirudishia, imekunjwa mara nne. Anataka niandike maelezo kwa mwandiko wangu mzuri. Nimeandika: “Nyundo ya Bujiku, mchimbaji, 1952–1966.” Anataka niongeze: “Mfano wa afya na bidii.”

Nimevuta daftari hili badala ya kadi. Anadhani natafuta maneno. Amesimama dirishani, anatazama shamba la kijiji. Nami naliona kutoka hapa. Safu imefika mwisho wa matuta; wameketi, wanakunywa uji. Mtu mmoja amebaki katikati ya tuta lake, ameegemea mpini, amewapa wenzake mgongo.

Salehe naye amemwona.

“Mwalimu,” ameniuliza, “yule mvivu kule ni nani?”