Nusu ya Kopo la Poda

Rwambuzi, Jumamosi. Mvua ya asubuhi imekatika, lakini udongo bado unanata kwenye viatu. Wiki hii mji umetulia, hatujasikia risasi. Watu wanasema hivyo kwa sauti ndogo, kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala.

Mimi sijatulia. Nimeamka na wivu, na jioni hii bado ninao.

Leo Esther ametetea mémoire yake chuoni, ule utafiti wa kumaliza masomo. Esther ni binti wa majirani zetu, watu wa Butembo waliohamia hapa na kufungua duka. Tangu shule ya msingi alikuwa rafiki wa binti yangu, Grâce. Waliingia chuo pamoja, wakasoma biolojia, wakachagua jambo moja la kuchunguza: ubongo wa samaki. Kisha Grâce akashikwa na homa. Tulimzika kabla mvua kubwa hazijaanza.

Watu bado wananiita Mama Grâce. Kwetu mama habadilishwi jina.

Kwetu pia, mtoto akifaulu masomo, ndugu na majirani humwagia poda nyeupe kichwani, mpaka anafanana na mtu aliyetoka kusaga unga. Grâce alipopata diploma ya sekondari nilinunua kopo zima. Nilipofika nusu alinishika mkono, poda ikimwingia mdomoni, akicheka.

"Mama, bakisha! Iko ingine siku. Ya université."

Nikabakisha. Kopo lilikaa kabatini, nyuma ya sahani za wageni. Leo nimelitia kwenye mfuko wangu na kwenda nalo chuoni. Sikwenda nalo ili nimmwagie Esther. Nilitaka tu kitu cha Grâce kiwemo ndani ya chumba kile.

Baba yake Grâce yuko Niania kwa biashara, anangoja njia iwe salama. Nimekwenda peke yangu.

Mama Esther alikaa mbele, kitenge kipya, kitambaa cha kichwa kimesimama kama jogoo. Kabla ya jury, wale walimu wa kumpima, kuingia alikuwa akimkaripia binti yake: "Simama muzuri! Usikunje mugongo! Na ile viatu, nilikuambia nini?" Esther akanung'unika, "Aah, mama, niache."

Nilimwonea wivu hata kwa kukaripia. Anaye wa kumkaripia.

Waliongea Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha sokoni. Lakini nilielewa karibu yote, kwa sababu nilikuwa nimeshafundishwa. Siku moja tulikuwa tunachambua maharagi jikoni. Grâce akaokota harage moja, akaliweka ukingoni mwa ungo.

"Mama, angalia. Samaki angali mudogo sana, iko ndani ya yai. Hii ni seli. Inaanzia hapa, karibu na pua."

Akalisukuma kwa kidole, polepole, katikati ya maharagi mengine, mpaka ng'ambo ya pili.

"Inatembea mpaka ndani ya ubongo. Ikifika, inatengeneza homoni yenye kuambia mwili: sasa weye ni mukubwa, unaweza kuzaa. Na jeni ndiyo zinaionyesha njia. Jeni ingine ikiharibika, seli inapotea njiani."

Nikamwambia sogea, chakula kinachelewa. Harage lile lilienda chunguni na mengine.

Mayai waliyoyatazama yalitoka kwenye bwawa letu dogo, kule bondeni. Tilapia jike huyaweka mayai mdomoni mwake mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali chakula. Grâce alikuwa anamkamata kwa mikono iliyolowa, anamfungua mdomo kwa kidole gumba, na mayai ya njano yanamwagika ndani ya beseni. Esther alikuwa anashika beseni. Alikuwa anaogopa kumshika samaki.

Leo aliyekuwa anaogopa ndiye aliyesimama mbele. Ubaoni alikuwa amechora kichwa cha samaki, na mshale kutoka puani kwenda ubongoni. Mzee mmoja wa jury akauliza, je, seli zisipofika, samaki anakufa? Esther akajibu hapana. Anaishi, anakula, anaogelea na wenzake. Ila mwili wake haupati habari, na huenda asizae kamwe.

Alieleza vizuri kuliko Grâce. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Mwishoni alishukuru. Alimtaja Mungu, wazazi, walimu, wajomba wa Butembo, marafiki wote. Nilingoja jina moja. Nililingoja nimeshika kopo ndani ya mfuko kwa mikono miwili. Halikutajwa.

Walipotangaza kwamba amefaulu, vigelegele vikapasua chumba na poda ikaanza kuruka. Mama Esther akanigeukia, nyusi zake nyeupe.

"Mama Grâce! Poudre yako iko wapi?"

"Sina."

"Ah, weye! Unakuja mukono mutupu kwa siku ya mutoto? Kamata yangu!"

Nikamimina poda ya mwenzangu juu ya kichwa cha binti wa mwenzangu. Nikatabasamu. Kopo langu lilikuwa likinigonga ubavuni.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kabla ya soda na mandazi. Nilisema kichwa kinauma.

Jioni nikasikia nyimbo njiani. Kwetu aliyefaulu haogi mapema, anazungushwa mtaani na weupe wake ili aonekane. Niliomba wapite. Wakasimama mlangoni kwangu. Esther akaingia uani peke yake, akainamisha kichwa mbele yangu kama mtoto anayetaka kusukwa nywele.

"Mama Grâce, haujanimwangia."

"Nilikumwangia kule, mbele ya watu yote."

"Ile ilikuwa ya mama. Nusu yetu iko wapi? Grâce aliniambia iko ya siye wawili."

Mimi nilijua ni ya mtu mmoja. Kumbe binti yangu alikuwa ameshaigawa, bila kuniuliza.

Nikaingia ndani. Nilikaa kidogo kitandani na kopo mapajani. Ningeweza kusema limepotea, na angeniamini. Nikatoka. Poda ilikuwa imeshikana kwa unyevu, ikaanguka vipande vipande, na mmoja kule njiani akapiga kelele, "Hiyo ni poudre ao ni fufu ya muhogo?" Wakacheka. Esther hakucheka. Alikuwa analia, nami nikaendelea kumwaga mpaka nikafika pale ilipoishia haki yake, nusu ya ile nusu.

Pale nikasimama.

Wameondoka sasa. Sauti zao ziko upande wa mtaa wa Bigo. Wivu haujaondoka nao, uko hapa, umekaa nami. Sikummwagia yote. Iliyobaki ni ya Grâce, nayo sitampa mtu. Nimefunga kopo na kulirudisha nyuma ya sahani. Vidole vyangu bado ni vyeupe, na usiku huu sinawi.