Kokoto Kando ya Bwawa

Kwa Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, wifi yangu na watoto. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba kile kifua cha mtoto wenu mdogo kimeshapona. Sisi huku tunashukuru. Mimi sijambo. Mama naye anakula, anacheka na anagombana na mimi kama kawaida, ila kuhusu afya yake nina neno la kusema, na nitalifikia. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi, wala usirukie mwisho. Nakujua, tangu utotoni wewe ni mtu wa kuanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe hushindana kusema, na hili nililo nalo halitaki mashindano.

Naanza na bwawa, maana ndilo uliloliulizia mara ya mwisho. Unakumbuka siku uliyosema kwamba ukijenga bwawa la kuogelea uani na kupanda bustani nzuri, watoto watapenda kuja likizo kwa bibi yao, na kwamba utawaleta maji yakishajaa. Mimi nilidhani Mama atakataa. Mwanamke aliyegoma hata kubadilishiwa kitasa cha mlango wa jikoni, leo akubali ua wake uchimbwe shimo la kuzamisha lori? Kumbe alikubali palepale, bila hata kuuliza udongo utapelekwa wapi. Tangu siku hiyo kila nikiingia getini swali lake lilikuwa moja: mafundi wanasema lini? Bwawa lenyewe wala halikumshughulisha. Aliwataka wajukuu. Yule mkubwa alimwacha akitambaa, na mdogo hajawahi kumtia machoni.

Mkandarasi uliyemchagua ni bwana mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Mimi nilimbatiza Bwana Kesho. Ukimpigia simu asubuhi anakwambia yupo hapo kwenye kona anaingia, huku nyuma yake unasikia kijiko kinagonga kikombe na watoto wake wanagombania rimoti. Nikimbana ananijibu kwamba haraka haraka haina baraka, nami namjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, basi tunaachana hapo. Lakini nisimdhulumu. Kazi yake ni safi. Shimo lilichimbwa kwa kingo za kunyooka, nondo zikasukwa, zege likamwagwa, na vigae vya ndani vimekaa sawa kabisa. Wa bustani ni mwanamke mwembamba anayeendesha pikapu yake mwenyewe, mikono imejaa makovu ya miiba. Huyo tunamwita Bibi Maua, na hamwinamishii mtu macho.

Ugomvi ulianza walipofika kazi ya juu. Mchoro wako ulikuwa wazi: vigae laini vinavyong'aa kutoka barazani mpaka ukingoni mwa bwawa, maua mekundu na ya njano pande zote, na uliandika kwa mkono wako kwamba usiwekwe uzio wala bomba la kushikia, usije ukaharibu mandhari. Jumamosi moja nikafika nikakuta bwawa limezungushiwa mkanda mpana wa kokoto, zile za kuumiza nyayo. Wiki iliyofuata nikakuta bomba la chuma limechimbiwa kutoka barazani, likapita kwenye benchi, likashuka mpaka kwenye ngazi za majini. Na palipopasa kuwa na maua mekundu, Bibi Maua alikuwa amepanda mrehani kwenye kona ya njia na asumini kando ya benchi, vitu vya kunukia tu, havina rangi ya kumwita mgeni.

Kaka, unanijua. Mimi ni mtunza bohari. Kazini kwangu kikija kisichoagizwa kinarudi na gari lililokileta. Nikamuuliza Bwana Kesho ni nani aliyembadilishia mchoro. Akasema ni Mama. Nikamfuata Mama, akanijibu niwaache mafundi wafanye kazi yao, kisha akageuza mazungumzo akaniuliza kama nimekula. Nilipombana zaidi akasema miguu yake inapenda kokoto. Nikaona hapa pana mchezo. Wamempata mama mtu mzima asiyejua kumkatalia mgeni, kila asubuhi anawachemshia chai na wao wanampamba kwa maneno, halafu wanajificha nyuma ya kanga yake. Na nyumba yenyewe ilikuwa na wakubwa watatu: wewe kwenye simu, mimi Jumamosi, Mama kila siku. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Nikamwambia Bwana Kesho, mbele ya mafundi wake wote, kwamba zile kokoto ni mabaki ya zege lake anayoona uvivu kwenda kuyatupa. Nikamwita mwizi. Neno hilo nililitamka, sikulimeza. Alijipangusa uso kwa kiganja, akatazama barazani alikokaa Mama, akasema, "Sawa, dada." Bibi Maua yeye alipakia majembe yake kwenye pikapu, akaniambia kwamba siku moja nitakuja kuomba radhi, na si kwake. Mimi nikayachukulia maneno hayo kuwa ufidhuli. Nikawafungia geti.

Kazi ikasimama karibu mwezi. Uliponiuliza nilikwambia ni mvua. Haikuwa mvua, Kaka, ilikuwa mimi. Na wewe ukasema basi, kama ni hivyo safari mtaisogeza mpaka likizo nyingine. Nilimpelekea Mama habari hiyo wakati anachambua mchele. Aliuweka ungo chini polepole, akaenda kulala, saa ya mchana. Nikadhani amenuna tu.

Mama alipokwenda kukaa siku chache kwa mama mdogo, nikapata nafasi yangu. Nikatafuta vibarua. Wakazoa kokoto zote, wakang'oa bomba, wakapanga vile vigae vyako laini mpaka ukingoni, vikang'aa kama sahani iliyooshwa. Mrehani nikaung'oa kwa mkono wangu. Nilitaka Mama akirudi akute kazi kamili, nami nikupigie picha nikutumie. Nilijisikia mtu wa maana sana.

Alirudi Jumamosi asubuhi. Siku hiyo hiyo Bwana Kesho alikuja kuchukua mashine yake ya kuchanganyia zege, na tulisalimiana kwa kidevu tu. Mama alitoka jikoni akisema anakwenda kupunga upepo bwawani. Mimi nilikuwa barazani, nimemwachia njia makusudi ili nione atakavyofurahi. Alishuka kipandio bila wasiwasi. Akanyoosha mkono wa kulia kama mtu anayetafuta kitu alichozoea kukikuta, akakosa, akasita kidogo, kisha akaendelea kwa hatua zake za siku zote. Nikaona anakanyaga chini kwa kupapasa, nyayo zinatafuta. Nikafikiri anavipima vigae. Nilikuwa natabasamu, Kaka. Mama yetu anakwenda moja kwa moja kwenye shimo kavu, upande wenye kina, na mimi natabasamu.

Bwana Kesho aliidondosha mashine. Alipiga ukelele mmoja tu, "Mama, simama!" Naye akasimama papo hapo, hata hakugeuka, kama mtu aliyezoea kuitii sauti hiyo. Mguu mmoja ulikuwa umeshainuka juu ya shimo. Yule bwana mnene alikimbia nisivyowahi kumwona akikimbia, akamshika kiwiko, akamrudisha nyuma hatua kwa hatua. Nilipofika mimi, Mama alikuwa anauliza kokoto zake ziko wapi.

Nilianza kufoka, maana hofu yangu hutokea kwa mlango huo. Bwana Kesho alimwambia Mama amweleze binti yake, au la atamweleza yeye.

Sasa nimefika pale nilipokuomba uketi. Mama macho yanamwisha. Ni ile presha ya macho. Aliona dalili kabla hata hujataja bwawa, akaenda kwa daktari peke yake kwa teksi, bila kumwambia mtu. Daktari alimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, kilichobaki kitashikiliwa kwa dawa za matone, na hakuweza kumwahidi ni kwa muda gani. Sasa hivi anaona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kilicho mbele yake, karibu, mchana, anakiona. Cha pembeni hakipo. Cha chini hakipo. Ndani ya nyumba ameizoea kila pembe, ndiyo maana mimi na ukali wangu wote wa bohari sikugundua.

Bwana Kesho aligundua siku alipompelekea vigae viwili achague. Alivinyoosha kimoja mkono huu, kimoja mkono ule, na Mama akakisifia kimoja tu, akauliza kingine kiko wapi. Yule bwana hakusema kitu mbele ya wenzake. Alirudi baadaye peke yake akamuuliza, naye akamwambia, akamwapisha asituambie sisi wanawe. Basi yeye na Bibi Maua wakakaa naye barazani wakapanga. Kokoto zimwambie nyayo kwamba bwawa limekaribia. Mrehani umwambie hapa pana kona, asumini imwambie benchi ni hili. Na bomba la kushikia, lile uliloandika kwamba litaharibu mandhari, limwongoze mpaka kwenye ngazi. Nilipomwita mwizi mbele za watu, Kaka, angeweza kujisafisha kwa neno moja. Alilimeza kwa sababu alikuwa amemwahidi mama yangu.

Nikamuuliza Mama, nikilia sasa, inakuwaje awaambie mafundi na kutuficha sisi aliotuzaa. Jibu lake sijalitoa kichwani mpaka leo. Alisema, "Ninyi mkijua, mtaanza kuniuguza. Wao walipojua, walijenga."

Alisema anajua wewe ungemchukua ukamweka chumba cha ghorofani asichokijua hata mlango, nami ningeacha kazi nije kumshika mkono kwenda msalani, na yeye hajafika huko. Halafu akaniambia kwa nini alikubali bwawa. Alichokitaka ni sura za wajukuu zake, azione wakati bado zinaonekana. Wewe ulisema utawaleta maji yakijaa, basi akakubali achimbiwe shimo uani. Na mimi nikalifunga geti karibu mwezi mzima, nikakuongopea, nawe ukaahirisha safari. Kila siku niliyoshindana na mafundi kuhusu kokoto ilitoka kwenye macho ya Mama. Maji yakishamwagika hayazoleki. Ninaumia, Kaka, na wala sitaki unifariji.

Nilikwenda kuwaomba radhi wote wawili. Bwana Kesho alisema yamekwisha, na kesho yake akaja kweli, mapema, mpaka tukacheka. Bibi Maua hakunirahisishia. Alinipa karai, akaniambia kokoto nilizozitoa nitazirudisha mimi mwenyewe. Nimezirudisha. Mikono ina malengelenge hadi sasa ninapoandika. Bomba limerudi, mrehani umepandwa upya. Mama naye nilimwomba radhi, akaniuliza kama nimekula.

Pampu haijafika na bwawa ni kavu. Usilingoje. Hilo ndilo ninalokuandikia. Mama aliniapisha nisikwambie, kwa kuwa anaogopa utakuja kwa huruma ukiwa na sanduku la kumfungashia. Nimekivunja kiapo chake, na akijua atanikasirikia, acha anikasirikie. Njoo kana kwamba umechoka kungoja, mtanie kuhusu mafundi wake, lalamika juu ya bomba kama ulivyotaka kulalamika. La kumhamisha usilitaje. Lakini njoo sasa, na watoto wote wawili, hata kama shule itawakosa kidogo.

Nisalimie wifi, mwambie namtegemea yeye akuharakishe, maana anajua kukuharakisha kuliko mimi. Mama anakusalimu sana. Hivi sasa yupo kwenye benchi lake, anadhani naandika mahesabu ya kazini.

Mkifika, fikeni mchana. Watoto wasimkimbilie kutoka pembeni. Wasimame mbele yake, karibu, mmoja mmoja, na usiwaondoe mpaka mwenyewe aseme ametosheka.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba