Sukari ya Baba

Namukose mwanangu,

Naenda Jinja kumtafuta baba yenu. Ouma amepata dizeli, lori lake linaondoka sasa hivi, na kesho sijui kama atapata tena. Pikieni magunzi ya mahindi, mkaa siuwezi kwa bei ya sasa. Taa msiwashe ovyo. Unga upime kwa kikombe, si kwa macho. ~~Sukari ya baba yenu kwenye kopo jekundu msiiguse.~~

Mdogo wako Zaituni akiamka usimseme. Asubuhi nilimkuta anailamba nikamchapa, na mpaka sasa mkono wenyewe unaniuma. Tangu vita viishe kila nikienda sokoni bei imepanda, nami nimeng'ang'ania kopo lile, eti baba yenu alikwenda Jinja kutafuta sukari, atarudi amechoka, atataka chai yake tamu. Ramadhani imeingia, imekwisha. Hajarudi, wala salamu hakuna.

Pale juu nimefuta. Itie kwenye uji, yote, na Zaituni aanze yeye. Nikimkuta baba yenu, atakunywa chai bila sukari kama sisi. Nisipomkuta, nilikuwa namtunzia nani?

Mama yenu