Dole Gumba la Mzee Chacha

Jumatatu, 3 Machi
Matairi ya malori ya mgodini yamo tanurini tangu alfajiri, vipande vipande, tunayapika yatoe mafuta. Moto sawa. Mafuta yanatoka meusi, mazito, harufu yake haitoki kwenye nywele hata nikiosha mara mbili. Mzee Chacha anachambua nyaya za chuma zilizobaki kwenye matairi ya mzigo wa juzi. Nilimwamkia, akaniuliza hali ya mama kule Kewanja. Siku ya kawaida.

Jumanne, 4 Machi
Tanuru lilipaswa kupoa hadi kesho. Lakini lori la kubeba masizi yanayobaki ndani lilikuwa limeshafika na dereva ananuna. Nikasema tufungue. Mimi ndiye msimamizi wa zamu. Najua gesi iliyobaki ndani hulipuka ikikutana na hewa. Mzee Chacha aliniuliza kama limepoa. Nikamwambia limepoa.
Akafungua mlango, moto ukamrukia. Mkono wote wa kulia, na shingo.

Jumatano, 5 Machi
Meneja alitaka ripoti. Niliandika kwamba mzee alifungua mlango bila kuagizwa. Nikampelekea ripoti hospitalini Tarime, alikolazwa. Hajui kusoma. Nikamsomea maneno mengine kabisa: ni ajali, hakuna mwenye kosa. Akaweka dole gumba la kushoto, maana la kulia limefungwa bandeji. Akanishukuru kwa kuja kumwona.
Mimi ni mtu mbaya.

Ijumaa, 7 Machi
Wamemwachisha kazi. Matibabu ajilipie, eti kosa ni lake. Wenzangu wanasema uzee umemvuruga akili. Niliitikia kwa kichwa. Kwa kichwa!

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikuweza kuimba. Nyangi, binti yake, alinifuata na kunipa mkono. Ahsante kwa kumwandikia baba kwamba ni ajali, alisema. Nikatoka kabla ya sadaka.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemwambia meneja ukweli. Akasema niache, jambo limeshaisha. Nikaandika ripoti mpya palepale mbele yake, nikasaini, nikabaki na nakala. Nimesimamishwa kazi. Jioni kampuni imekubali kumlipia mzee matibabu, nadhani kwa kuiogopa ile nakala. Kuhusu kazi yake hawajasema.
Nilidhani nitajisikia mwepesi. Wapi.

Jumamosi, 15 Machi
Nimetoka Nyangoto, kwa Mzee Chacha. Mzee amesharudi nyumbani. Nilimkuta nje, amekaa kwenye kigoda, mkono ameulaza juu ya mto. Shikamoo yangu aliipokea vizuri. Nikamsomea ripoti mpya, neno kwa neno. Kisha nikamweleza nilichomsomea siku ile hospitalini, na kilichokuwa kimeandikwa kweli.
Halafu akamwita Nyangi kutoka jikoni.
"Chukua hiyo karatasi," akamwambia. "Nisomee wewe."
Nyangi akafuta mikono kwenye kanga, akasoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mzee alikuwa anamtazama yeye. Mimi nilisimama pale, nikisubiri amalize.